Posa ya Mjukuu wa Mtakatifu

Kaka yangu Sleyum, Mungu amhifadhi na ampunguzie kiburi, hamuulizi mtu hujambo. Humuuliza, "Weye wa nani?" Ukimjibu, anataka kujua na babako wa nani, na babu yako wa nani, mpaka unajiona umeshatiwa kaburini na malaika wamekuja kukusaili. Yeye mwenyewe husoma nasaba yake kila baada ya sala ya alfajiri, kama watu wengine wanavyosoma nyiradi. Sleyum bin Saif bin Khalfan bin Nasser, anakwenda hivyo hivyo majina kumi na nne bila ya kituo. Siku moja kikohozi kilimshika kwenye jina la tisa. Akaanza upya.

Yote hayo yangekuwa mchezo wa mzee mstaafu wa wizara, lau kama asingekuwa na binti.

Binti ndiye Ghadeer. Mamake alifariki yeye mdogo, nikamlea mie shangazi yake, huku kwangu Al Khuwair, nchi ya Waarabu tuliyohamia kutoka Unguja, babake akija kila Ijumaa kukagua. Amesoma uhandisi wa maji, ana miaka thelathini na sita, na ameshaposwa mara mbili. Wa kwanza daktari, Sleyum akamkataa kwa kuwa babu wa babu yake hajulikani katokea mji gani. Wa pili kijana mzuri, msikitini yumo, kazini yumo, akaambiwa ukoo wake "hauoani na sisi." Sisi! Ungetusikia ungedhani tumeshuka na mvua.

Mara zote mbili Ghadeer hakulia mbele ya mtu. Sasa jioni moja yuko jikoni kwangu anaosha vikombe, akaniambia bila ya kugeuka, "Shangazi, nna mtu wa tatu. Na huyu naye baba akimkataa, sileti wa nne. Wengine huwapeleka baba zao mahakamani, hakimu awaozeshe. Mie siwezi kumfanyia babangu hivyo. Nitakaa tu."

Namjua yule mtoto. Akisema nitakaa tu, atakaa tu, mpaka mvi. Moyo ukanipasuka, lakini mdomo wangu ukauliza nini?

"Wa nani?"

Ndiyo, na mie nimezaliwa nyumba ile ile.

"Anaitwa Teilo," akasema. "Wa Wales."

Akamleta Ijumaa. Mwanamme mkubwa mwekundu, kasilimu siku nyingi, kanzu kavaa na kofia ya kufumwa imemkaa vizuri kuliko inavyomkaa kaka yangu. Anafanya kazi na Ghadeer kwenye mambo hayo hayo ya maji. Kiarabu kakiokota kwa wavuvi wa Qurayyat, Kiswahili kafundishwa na Ghadeer, na anakula samaki wa kupaka kwa mkono mpaka kwenye kifundo. Nikampenda kwa hilo. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, nyinyi Waingereza huwa hamli hivi." Wallahi ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nimemwona kakasirika. "Bi Mahbuba," akaniambia, "mie si Mwingereza." Kakaa wima kama mtu aliyetukaniwa mamake. Nikasema moyoni, kumbe! Mtu anayejali asili yake hivi, Sleyum atamwelewa.

Nikamuuliza lile jina limetoka wapi. Akasema kijijini kwao kuna kanisa dogo la mawe, na kanisa hilo ni la Mtakatifu Teilo. Mamake alikuwa akilifagia, na yeye kazaliwa siku ya sikukuu yake, basi akapewa jina. Watakatifu wa kwao, akasema, si kama wa wenzao. Papa, yule mkuu wa Wakatoliki, hakuulizwa. Mtu tu alikuja zamani, miaka elfu na mia tano huko nyuma, akajenga kibanda, akachimba kisima, akasali, akafa. Watu walikuwa wakimpenda, basi pale mahali pakaitwa kwa jina lake na kanisa likawa lake. Kila bonde lina wa kwake, na bonde la pili hawamjui.

"Huyo wako kafanya nini?" nikamuuliza.

Akacheka. Alipokufa, makanisa matatu yalimgombania, kila moja linataka azikwe kwake. Wakagombana mpaka wakachoka, wakaamua wasali usiku kucha. Asubuhi kufunua, wakakuta maiti tatu! Sawasawa, Teilo na Teilo na Teilo. Kila kanisa likachukua yake, wakaenda zao wanashukuru.

Nambi, msichana anayenisaidia kazi, alikuwa anatoa sahani. Yeye Mganda, mlokole wa kukemea mapepo, watakatifu hataki hata kuwasikia. Akasimama na sahani mkononi. "Mama," akasema, "sisi hatuombi watakatifu. Lakini huyu mimi ningemwomba hiyo dawa. Mmoja afagie, mmoja apike, mmoja alale."

Tulicheka mpaka Ghadeer akatokwa na machozi. Teilo akaendelea. Yuko mwengine, Beuno, kazi yake kurejesha vichwa vilivyokatwa. Yuko msichana, Gwenffrewi, kaja mwana wa mfalme kumtaka, msichana kakataa, yule akamkata kichwa kwa upanga. Beuno akakiokota akakirudisha shingoni, na pale kilipoangukia pakatoka chemchemi.

"Posa gani hiyo!" nikasema. "Alhamdulillahi Sleyum hukata kwa mdomo tu."

Hapo ndipo Ghadeer alipoinuka kukusanya vikombe, na sote tukakumbuka tuko pale kwa sababu gani.

Sasa, mimi mtu wa haraka. Nikamuuliza Teilo, hao watakatifu wana nasaba? Akasema wanazo, tena ndefu, watu wa kwao wamezihifadhi tangu zamani. Akanisomea ya Teilo wa kwanza: Teilo bin Ensig bin Hydwn bin Ceredig bin Cunedda. Wale wakubwa wa juu wafalme. Lo! Nilitaka kupiga kigelegele. Fulani bin fulani bin mfalme, kaka yangu atapewa nini zaidi?

"Basi weye mjukuu wake," nikamwambia.

"Mie si mjukuu wake, Bi Mahbuba. Babangu Gareth, anaendesha lori la maziwa. Babu yangu Emrys alikuwa mchimba makaa. Zaidi ya hapo sijui."

"Nani atakwenda Wales kuuliza? Utasema Teilo bin Gareth bin Emrys, halafu hapo katikati sema 'na kuendelea', halafu shuka kwa mtakatifu."

Akamtazama Ghadeer. Ghadeer akatazama sakafu. Anataka kusema hapana na anataka kuolewa, na vyote viwili vilimjaa usoni. Mwisho Teilo akasema atajaribu, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Siku ya posa tukakusanyika Qurum, kwa Sleyum, baada ya Alasiri. Teilo hana jamaa hapa, basi akaja na Azzam, mzee wa Qurayyat anayefanya naye kazi, amsemee. Azzam kaja na nguru mzima, mrefu kama mtoto wa madrasa, kafungwa kwenye karatasi. Ghadeer alikuwa chumba cha pili, mlango kauacha wazi kidogo. Mimi nikakaa barazani pamoja na wanaume, maana kwa umri huu nani ataniondoa? Nambi nilimchukua aje kusaidia kumimina kahawa.

Azzam akapokea kikombe chake akakiweka chini. Teilo akafuata. Kwa watu kama Azzam, mwenye haja hanywi kahawa ya mwenye nyumba mpaka ajibiwe. Vikombe viwili vikakaa pale juu ya zulia, vimejaa, vinatoa moshi, na macho yangu yakawa hayatoki hapo.

Azzam akasema maneno mazuri, mafupi. Sleyum akaitika kwa kichwa. Halafu akamgeukia Teilo, akaweka tasbihi gotini, akauliza swali lake.

"Weye wa nani?"

"Mimi Teilo bin Gareth bin Emrys," akasema Teilo, "na kuendelea." Akanitupia jicho. "Bin Teilo bin Ensig bin Hydwn bin Ceredig bin Cunedda. Na mamake Teilo, Gwenhaf binti Llifonwy."

Ungemwona kaka yangu! Uso ulifunguka. Majina hayo hakuna hata moja analoweza kulitamka, lakini mpangilio aliujua, ulimwingia kama mziki. Akataka arudiwe. Akarudiwa. Akauliza huyo Ceredig ana watoto wengine, akaambiwa ndiyo, kuna Sant, na Sant ndiye babake Dewi, mkubwa wa watakatifu wote wa Wales. "Ala! Basi Teilo mkubwa na Dewi watu wa babu mmoja," akasema Sleyum, anajipigia hesabu ya vidole, furaha tupu. Nikaanza kumwona Ghadeer na hina.

"Lakini kwa nini umemtaja mwanamke?" akauliza. "Nasaba haina wanawake."

"Zile za watakatifu wa kwetu zinao," akasema Teilo. "Mama lazima. Huyo Dewi, mamake anaitwa Non binti Cynyr." Akasita, halafu akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Sant alikuwa mfalme. Alimkuta Non njiani, akamwingilia kwa nguvu. Ndipo akazaliwa Dewi. Watu hawakuficha. Non mwenyewe ana kanisa lake, kwenye jabali juu ya bahari, na kisima chake. Mpaka leo watu wanakwenda."

"Kwa jina lake mwenyewe?" akauliza Sleyum.

"Kwa jina lake mwenyewe."

Sleyum akaichukua tasbihi tena. Akaanza kuivuta punje moja moja, na mimi nikadhani jambo limepita. Kumbe anahesabu.

"Huyu Teilo mtakatifu kaishi lini?"

"Miaka elfu moja na mia tano iliyopita."

"Na baina yake na weye umetaja Gareth na Emrys."

"Na kuendelea," nikadakia mimi.

"Mahbuba, sikukuuliza weye. Miaka elfu na mia tano, watu wawili! Walikuwa wakila nini?" Azzam akakohoa. Sleyum hakumtazama. "Na kaoa nani huyo Teilo?"

Hapo Teilo akachoka. Nilimwona anavyochoka, mabega yakamshuka. "Hakuoa, mzee," akasema. "Alikuwa askofu. Mtawa. Hakuwa na mtoto."

"Kwa hiyo weye ni mjukuu wa mtu asiyezaa."

"Mie si mjukuu wake. Nilikosea kusema hivyo. Babangu anaendesha lori la maziwa, na babu yangu alichimba makaa. Zaidi ya hapo sijui mtu. Teilo ni jina la kanisa lililo karibu na nyumba yetu tu."

Njia ya mwongo fupi, na hii ilikuwa imeishia kwangu. Kaka yangu alinitazama mimi, si yule kijana. Alijua mpishi ni nani.

Akamwambia Azzam kwa adabu zote kwamba kijana anaonekana mwema na dini anayo, na kwa nguru tumeshukuru, lakini hawezi kumpa binti yake mtu asiyejulikana asili yake. Kila mtu ana pa kuanzia, akasema, na huyu anaanzia kwenye lori. Azzam akanyoosha mkono kutaka kumwinua mwenzake. Vikombe viko pale pale, vimejaa. Na nyuma ya ule mlango nikamsikia mwanangu Ghadeer akisukuma kiti. Hakulia. Alikuwa anaondoka akakae tu.

Basi hasira zikanipanda, za miaka yote.

"Kaka," nikasema. "Mama yake babetu nani?"

"Mahbuba, kuna wageni."

"Wageni wametaja mama za watakatifu wao bila ya kuficha. Na sie tutaje. Mama yake babetu nani?"

"Bi Faida," akasema, kwa pembeni ya mdomo.

"Faida ni jina alilopewa na babu siku aliyomleta ndani. Faida! Kama mtu katoka mnadani na mzigo wa karafuu. Mtoto wa watu, katolewa kwao Buganda, kaletwa Unguja. Babu hakumposa, hakuulizwa na mtu weye wa nani. Nani alimuuliza? Kaingiliwa tu, kama yule Non. Kazaliwa babetu, sheria ikasema mtoto wa suria ni wa babake, basi Saif bin Khalfan, mama kafutika kama chaki. Na bila ya yeye, kaka yangu, hiyo nasaba unayoisoma kila alfajiri ingekatika pale pale kwa Khalfan, maana yule mke wake wa ndoa, binti wa mashekhe, hakumzalia hata paka!"

"Mahbuba!"

"Nyani haoni kundule! Unamkataa huyu kwa babu mchimba makaa, na weye bibi yako unamjua kwa jina la bidhaa. Nani aliyekuwa akikulisha kwa mkono wake? Tukikaa kula, mnofu wa samaki anautoa miba anakutia weye mdomoni, mimi ananipa kichwa. Nilikuwa nikilia wivu. Halafu anakunong'oneza sikioni. Mimi nilikuwa mbavuni pake, nilisikia. Alikuwa akikwambia nini?"

Azzam anatazama zulia. Teilo kainamisha kichwa. Kaka yangu ana miaka sabini na mbili, na kwa dakika ile alikuwa na mitano, amekaa mkekani kwetu Mkunazini, Unguja, na mdomo umejaa wali. Nilimwona. Midomo ilimtikisika kama vile anapoanza ile nasaba yake.

"Akiniambia, jina langu usilisahau," akasema. "Nantongo."

Nambi alikuwa kwenye mlango na birika la kahawa. "Hilo la kwetu," akasema, polepole, kama mtu aliyesikia kaitwa sokoni. Sleyum akainua macho akamtazama. Msichana huyu kammiminia kahawa mara chungu nzima na sidhani kama alikuwa ameshamtazama usoni hata siku moja.

"Kaburi lake liko wapi, Mahbuba?" akaniuliza.

"Sijui. Alikufa kabla ya mapinduzi. Walimzika, hawakuweka jiwe. Sie tukahama Unguja tukaja huku. Nani angemkumbuka?"

Akageuka kwa Teilo. "Huyo wa kwenu, mtakatifu. Alizikwa wapi?"

Teilo akanitazama mimi kwanza, anaogopa kukosea tena. Nikampa ishara aseme. "Pahala patatu, mzee," akasema. "Walimgombania. Kila mmoja alimtaka awe wake."

"Patatu," akasema Sleyum.

Akavua kofia, akajifuta uso kwa kiganja, akaivaa tena upande upande. Sijapata kumwona kaka yangu na kofia upande mbele ya watu. Mtakatifu asiyezaa ana makaburi matatu, na mwanamke aliyetuzaa sote hatujui hata moja. Hilo lilikuwa limekaa pale barazani pamoja nasi.

Halafu akanyoosha mkono akakishika kile kikombe cha Teilo, akakigusa kwa nje kwa vidole viwili.

"Imepoa hii," akasema, kwa ule ukali wake wa siku zote. "Nambi, mwanangu. Mwaga. Waletee ya moto, wanywe."

Azzam akasema Allahu akbar. Teilo hakufahamu mpaka Azzam alipompiga kiwiko. Mimi nilipiga kigelegele mpaka majirani wa Qurum, watu wa heshima wasiojua hata jina la jirani, wakachungulia madirishani. Chumba cha pili kiti kikaanguka, na safari hii mwanangu alilia, kwa sauti, kama mtoto, na nikamwacha alie.

Ndoa ikafungwa Alkhamisi, nyumbani kwake Sleyum. Mamake Teilo alikuja kutoka Wales na kofia yenye manyoya, akala halwa kwa kijiko mpaka nikamwonea huruma. Shekhe kijana, kaja na karatasi zake na kalamu, akamwomba Sleyum, walii wa binti yake, ataje jina lake kamili.

Sleyum akajiweka sawa. Nikajua, haya, tutakaa mpaka Isha.

"Sleyum bin Saif," akasema. Akasimama hapo. Kalamu ya shekhe ikasubiri. "Saif bin Khalfan, na mamake Nantongo."

"Samahani, mzee," akasema shekhe kwa upole. "Jina la mama wa baba haliandikwi hapa. Halina pahala."

"Sikukwambia uandike," akasema kaka yangu. "Nimekwambia usikie."